Chumba cha Mataulo

Nimefika Arusha na basi la alfajiri.
Kitambulisho shingoni: Aikende, Muuguzi Mkunga.
Mimi ni Aikande. Nimeacha.
Miaka ishirini na tisa ya kupokea watoto Kidia
imetoshea kwenye kikadi chenye kamba ya buluu.

Ukumbini baridi ya mashine,
ilhali Meru iko pale dirishani, ingetupepea bure.
Profesa anasema kolostramu, kolostramu,
mara saba, nimehesabu kwa kalamu niliyogawiwa,
nami kimoyomoyo namjibu: dang'a, mwanangu.
Iite dang'a, itashuka.

Kwenye bango kuna mama anacheka.
Titi lake la kuchorwa
halijui chuchu iliyopasuka usiku wa tatu,
meno yanauma shuka, mtoto anavuta.

Saa nne, chai.
Msichana wa birika ananimiminia, mkono umenyooka,
mara huko kwenye maegesho mtoto wa mtu akalia.
Wa mtu tu. Si wake.
Lakini titi halijasoma kubagua.
Nikaona blauzi yake ya kijivu ikijichora duara mbili,
polepole,
kama mafuta ya taa yapandavyo utambini.
Akatua birika, akakumbatia sinia kifuani
kama mtu aliyekumbuka kusali.

"Wiki ngapi?" nikauliza, sauti ya wodini.
"Saba."
"Yuko wapi?"
"Sanawari, kwa jirani."
"Anapewa nini?"
Akalitazama bango nyuma yangu,
lile la miezi sita, maziwa ya mama pekee,
akajibu kama anayeliomba bango radhi:
"Uji, mama. Mwepesi."

Anaitwa Nasinyari. Ni kibarua.
Kibarua hana likizo ya uzazi,
ana siku aliyokuja
na siku isiyolipwa.

Hapo ndipo somo huanza. Nalijua,
nimelitoa hata kwa waliosinzia.
Lakini andazi la mkutano lilikuwa bado mdomoni,
tamu, limenona siagi,
nikashindwa kulisemea juu yake.

Nyuma ya jiko pana chumba cha mataulo.
Komeo lake limevunjika, basi mgongo wangu ukawa komeo.
Wajumbe wakipita kwenda msalani:
"Humo kuna nini, dada?"
"Kuna mada," nikasema. "Inaendelea."
Na ndani, chwi, chwi, chwi,
kwenye kikombe chenye nembo ya hoteli.

"Nimwage?" akanong'ona.
Nimwage!
Nilimpokonya kikombe kama mwizi.
Mpishi akatoa chupa ya jamu, tukaichemsha,
tukaipoza, tukaizungushia barafu ya soda.
Posho yangu ya nusu siku ikampata bodaboda.
"Mzigo gani huu?"
"Chakula cha bosi. Usikimbize, usichelewe."

Saa kumi tukapitisha maazimio kumi na mawili,
yamevaa vizuri, kila moja na tai yake.
Nikanyoosha mkono: la kumi na tatu, mlango.
Mlango tu, wenye komeo kwa ndani,
na kiti, na dakika ishirini zisizokatwa mshahara.
Mwenyekiti akatabasamu kama bango:
muda, alisema, umetutupa mkono.
Tukapiga picha ya pamoja.
Nasinyari alikuwa pembeni anaokota vikombe,
mpiga picha akamwomba asogee kidogo.

Basi lilipofika Bomang'ombe simu ikatetema.
Kamaliza yote, aliandika. Analia anataka tena.

Nikacheka peke yangu gizani,
mwenye kiti cha pili akavuta mkoba wake karibu.
Kifua changu kikavu, cha bibi wa wajukuu wanne,
kikachonyota upande wa kushoto, mara moja,
kisha kikatulia.