Meza ya Kumi na Nne

Nimepiga magoti tangu saa mbili asubuhi
kama mtu aliyekuja kuomba radhi kwa meza.
Ghorofa ya tatu, biro ya kutoa mizigo forodhani.
Mbele ya pua yangu viatu vya Madamu Numbi, vyekundu,
kisigino kimoja kimetafunwa na kokoto za Katuba.
"Kijana, miguu yangu utanirudishia lini?"
Bado kidogo, mama. Navuta.
Waya wa zamani unatoka ukutani shingo upande,
na vumbi la miaka thelathini, na mende mkavu,
na noti ya zaire iliyokunjwa mara nne,
pesa iliyokufa kabla sijazaliwa.

Shaba.
Mkoa mzima uliwahi kuitwa kwa jina lako.
Baba alikuyeyusha miaka ishirini na sita,
akaleta nyumbani unga, samaki wa chumvi, na kikohozi.
Leo nakukata vipande vya mkono mmoja mmoja,
nakushindilia guniani kama nyoka waliopigwa.

Mvua ya Januari ndiyo iliyokushtaki.
Radi ilipiga uani, ikapanda ndani yako bila hodi,
ikaunguza mashine tisa kwa pumzi moja
na hesabu za Bwana Kyalwe, mwezi mzima.
Tena wezi: wanaijua bei yako ya kilo
kuliko siku waliyozaliwa watoto wao.
Kioo, alisema mkubwa, radi haikioni, mwizi hakitaki.

Basi napitisha uzi.
Mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga,
umevaa koti juu ya koti, la nje la manjano.
Ukiukunja kwa hasira unasahau ulichotumwa,
kwa hiyo kwenye kona ya kabati nauzungusha taratibu
kama watu wanaopitisha kitanda cha mgonjwa mlangoni.
Navua koti. Napangusa kwa spiriti. Nakata.
Mkato uwe mnyoofu,
usiwe mkato wa mtu mwenye njaa.
Vipande naviokota kwa utepe wa gundi, nahesabu:
kumi na kimoja.
Vilikuwa kumi na viwili.

"Chola, washa!" Na kutoka chumba cha chini,
ngazi tatu, kuta saba, dari moja inayovuja,
kikafika kitone chekundu kwenye ncha ya uzi
kama kaa la jiko lililobaki peke yake.
Madamu Numbi akainama, akavua miwani.
"Ndiyo hiyo? Kadogo hivyo?"
Usichungulie ndani, mama. Hii ni ya majaribio.
Ile ya kweli haina rangi,
ikikupofua jicho haikuagi.

Saa sita na robo Sneli wakakata umeme.
Ghorofa nzima ikanyamaza kama darasa mwalimu akiingia.
"Simu ya zamani," akasema, "iliongea hata gizani,
ilikuja na moto wake ndani ya waya.
Hiki kioo chako kinabeba mwanga siku nzima
na hakina hata wa kuwashia kisanduku chake."
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na bisibisi.

Jioni nikamletea baba kipande kimoja.
Mkubwa alihesabu magunia, hakuhesabu vipande.
Baba akakimenya kwa kisu cha mihogo,
akakinusa, akakipinda, kikakubali.
"Na hicho kioo chenu, kinachimbwa wapi?"
Sijui, baba. Wanasema ni mchanga.
"Mchanga," akasema,
akautazama uwanja wetu muda mrefu
kana kwamba ulikuwa unamficha kitu miaka yote hii.
Shaba akaisukuma chini ya godoro.

Bukari ikaja, na sombe.
Nilipofinyanga tonge la kwanza
nikajua kipande cha kumi na mbili kilipo:
kidole gumba, mkono wa kulia,
hakionekani kwa kibatari wala kwa tochi ya simu.
Kila tonge, kinaita.