Uzi wa Mafundo Mawili

Barabara ya Nane, dukani kwa Hemedi,
mashine zimening'inia kama mbuzi buchani.
Mimi macho yangu kwenye ya farasi arobaini.
"Hii," nasema, "watu wa Sahare watakula povu letu."

Dada Mwanakombo hajibu.
Anafungua pindo la kanga. Si pesa, ni uzi,
aliopimia tezi ya boti jana, fundi akiswali:
fundo moja ukingoni,
la pili chini kabisa, kwenye mkuku.

Anaulaza uzi kwenye shingo ya hii, ya ile.
Fupi. Fupi. Na arobaini yangu, fupi:
ingemeza hewa, ipige kelele,
na sisi palepale.

Iliyofika ni ya kumi na tano, kona ya nyuma, ina vumbi.

"Kwenda Jambe na kurudi inakunywa lita ngapi?
Plagi yake nainunua wapi alfajiri, wewe umelala?
Na fundi wake, nitajie jina."
Hemedi anajikuna kidevu.
"Chonge, wa Kasera."
"Chonge namjua. Nina deni kwake,
changu wa kukaanga, tangu Ramadhani."

Hapo ndipo pesa zikatoka,
noti laini, zinanuka mafuta ya karai,
miaka minne ya kuni na moshi.
Nikanyamaza.

Sasa natembea juani kuelekea pwani,
farasi kumi na tano begani,
punda mmoja chini yao.
Nyuma yangu dada anahesabu chenji,
mara ya pili.