Nafasi Tupu

Ukurasa mweupe. Si hata neno la kosa.
Mara ya sita usiku huu, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
juu ya duka la Shekue la vipuri vya baiskeli.

Nimefuta, nimepakia upya.
Nimelipa kila faili ruhusa yake.
Nimeilaumu seva, nikalaumu umeme,
nikamlaumu na Mhina, aliyeniachia kazi akaenda Korogwe kuoa.
Kesho saa tatu wakulima wa mkonge wanataka tovuti yao;
mwenyekiti ameshawatangazia hata wakwe zake.

Saa nane nafungua daftari la makosa,
ambalo ningelisoma kwanza kama si kiburi:
hifadhidata imekataa nenosiri.

Mbona ni sahihi!
Nalisoma herufi kwa herufi, kwa sauti,
kama mtoto wa chuoni na juzuu yake,
hadi naona kishale kimesimama
mbali kidogo na herufi ya mwisho.

Pana nafasi pale. Moja.
Imekuja na ujumbe wa Mhina
kama mchanga ndani ya kiatu cha mgeni.

Naifuta.
Ukurasa unajaa.

Napiga meza kofi; panya wa darini ananyamaza.
Sasa ankara: nimwandikie nini mwenyekiti,
kwamba nimekesha nikiondoa kitu ambacho hakikuwepo?