Faili Zinazoishia na Abbi

Rannvá yuko Klaksvík, dirisha limeloa,
ananakili maandishi ya babu yake kwenye kompyuta.
Abbi, ndivyo wanavyomwita babu visiwani Faroe.
Miaka arobaini abbi aliandika hali ya hewa na hesabu ya kondoo
kwa penseli, nyuma ya risiti za duka la ushirika:

*Jumanne. Mvuwa. Kondoo wawiri wamepoteya.*
*Jumatano. Theruji mpaka dirishani.*
*Sunniva kakohowa usiku kucha.*

Na kila neno la namna hiyo
mashine inalipigia mstari mwekundu, wa kujinyonganyonga,
kama minyoo iliyotolewa nje na mvua.

Rannvá anaujua wekundu huo.
Abbi alimwonyesha kovu juu ya kifundo cha kidole:
"Hapa niliandika neno la nyumbani
kwenye daftari la Kidenmaki."
Alikuwa na miaka tisa. Mwalimu alikuwa na rula.

Saa tano usiku anafungua mipangilio.
Hataki kuzima ukaguzi wa tahajia wote;
kesho ana barua ya kwenda benki,
na benki haina subira na theruji.
Anaongeza agizo moja tu:
faili lolote linaloishia na .abbi, liache.
Anahifadhi, anafunga, anafungua tena.

Minyoo imekwenda.
Ukurasa umetulia
kama darasa lililoambiwa mwalimu haji leo.

Anachapa mpaka saa kumi alfajiri, kurasa sitini na kitu,
chai imepoa, paka kalalia risiti za mwaka mzima wa sabini na moja.
Ndipo, akipitia, anakwama penye mstari huu:

*Alhamisi. Upepo umetulia. Sunniva kalala.*

Hakuna kosa. Hilo ndilo linalomsumbua.
Neno limenyooka mno, kama mgeni aliyevaa suti zizini.

Anamsogeza paka. Anatafuta risiti ya Alhamisi hiyo,
kilo mbili za sukari, mafuta ya taa, uzi,
anaigeuza, anaisogeza karibu na taa:

*karara.*

Mashine aliizima. Vidole hakuvizima.
Anafuta l ya kwanza, anaweka r.
Anafuta ya pili.
Kisha anarudi ukurasa wa kwanza,
na rundo la risiti mkononi,
aanze upya, herufi kwa herufi,
kujikagua yeye.