Njugu Mawe

Nyuma ya jiko langu, Mtende,
ardhi hugawiwa kwa kiganja:
mwamba, kiganja cha udongo, mwamba tena.
Tunapanda kama watu waombao ruhusa.
Mwaka huu nimetia njugu mawe
katika mashimo kumi na saba,
na kila shimo nalijua kwa jina
kama mtu ajuavyo madeni yake.

Jumanne, umande haujakauka,
nikachimbua kwa muo shimo la Bi Kirembwe
(nimeliita hivyo kwa uchoyo wake),
nikang'oa shina, nikalikung'uta.
Njugu tisa. Na damu.
Nikadhani kigae cha chupa,
nikamtukana aliyekitupa, na wazee wake.

Hakikuwa kigae.
Jiwe, jeupe la kupitisha mwanga,
urefu wa kidole cha shahada,
upande mmoja limechongwa kwa makusudi,
pigo dogo, pigo dogo, pigo,
kama pindo la mkeka
lililoshonwa na asiye na haraka.
Nikachimbua tena, nikapata la pili.
La tano lilikuwa chini ya mpapai
ambao haujapata kuzaa.

Jirani yangu Mwanaate akayatazama kwa mbali,
mikono nyuma: "Yafukie, na ubani utie.
Hayo ya wenye mji kabla ya mji."
Kaka yangu Ngwali akayapima kwa jicho la duka:
"Wazungu wa Paje watalipa hapo."
Simai, anayesomesha skuli,
hakusema kitu. Alichukua moja, akalilamba,
akatema mchanga.
"Dada Mize, hili si la hapa.
Sisi tumekalia matumbawe matupu,
mifupa ya bahari. Jiwe kama hili liko bara.
Limeletwa."
"Kwa chombo gani?"
"Kwa miguu. Bahari ilikuwa haijaja."

Bahari ilikuwa haijaja!
Nilicheka hadi nikashika ukuta.
Mimi niliyeulizwa afisini
babu wa babu yako katoka wapi, lete cheti,
nami nikasimama pale natafuta cheti mkobani,
kumbe wa mwanzo wetu
aliingia hapa bila kulowa vifundo.

Usiku nikayaweka kwenye ungo, taa karibu.
Nikalishika lile la kwanza, lenye damu yangu.
Halikukaa. Liliteleza, likachoma,
likanikataa kama kiatu cha mtu mwingine.
Nikalihamishia mkono wa kushoto.

Likalala.

Kuna kijishimo cha gumba.
Kuna bega la kuegemeza shahada.
Na mkono huu ndio niliochapiwa chuoni,
ukafungwa kitambaa, ukaitwa wa shetani,
hata leo chenji naipokea kwa wa kulia
na kuidondosha.
Miaka hamsini na miwili najijua peke yangu.
Lo, mwenye shoto mwenzangu!
Wewe nani alikuchapa?
Au kwenu walitazama tu
kama jiwe linakata?

Nikachukua kamba ya usumba niliyosokota mchana,
nikapitisha jiwe mara moja.
Nyuzi ziliachana bila kelele.
Kisu changu cha dukani, cha juzi,
kamba hiyohiyo hukitesa
kama muwa na kibogoyo.

Wiki ya pili wakaja watu wa Mambo ya Kale
na kamera, na fito za kupimia, na biskuti.
Walipiga magoti kwa Bi Kirembwe
kuliko nilivyowahi kumpigia mimi.
Wakayatia mawe kwenye vifuko,
kila kifuko na nambari yake.
Kijana wao, mpole, sauti ya msomi,
akaniletea karatasi, akanisomea:
*Yamepokewa mawe manne.*
Akaniuliza kama ndiyo yote.

Nikatia sahihi,
kwa mkono wa kushoto.