Umbali wa Badi

Wateja huniuliza, nami hujibu bila kutazama kompyuta:
Mombasa hadi Edmonton, kilomita elfu kumi na nne na ushee,
kwa mstari ulionyooka, ambao hakuna ndege inayoufuata.
Utashuka Addis, utashuka Toronto,
utasinzia kitini umekumbatia mkoba,
saa thelathini na moja, pamoja na kungoja.
Huwaandikia pembeni mwa tiketi kwa kalamu nyekundu,
*saa tisa usiku, si saa tatu,*
maana kuna bibi wa Mtongwe aliyeachwa na ndege
kwa kuisoma saa ya Kizungu kwa macho ya Kiswahili.

Miaka kumi na mmoja, ghorofa ya kwanza, Barabara ya Digo,
nawapimia watu makwao.

Ijumaa ile baba alikata roho saa kumi na dakika hamsini,
muadhini hajakohoa bado kwenye kipaza sauti.
Ami Shekue akasema: baada ya swala ya Ijumaa, Kikowani,
maiti hacheleweshwi.
Wote wakanigeukia mimi, mjuzi wa mambo ya ndege.

Nikahesabu. Vidole vikaisha, nikaanza upya.
Hata ndege ingenyooka kama uzi wa fundi,
isishuke, isinywe mafuta, isiombe ruhusa ya mtu,
saa kumi na sita.
Sisi tulikuwa na nane na ushee.

Kisha nikakumbuka: kule bado Alhamisi.
Jioni, theluji, Badi anatoka kazini,
anakung'uta viatu mlangoni,
na kwa kalenda iliyo ukutani mwake
baba hajafa. Baba atakufa kesho.
Nikaishika simu nisiipige.
Nilimwachia dakika arobaini za Alhamisi,
sijui kama ni zawadi au ni wizi.

Alipopokea hakulia. Aliuliza tu,
kama mteja: "Nafasi ipo?"
Ipo, nikasema. Kiti cha dirishani. Utafika Jumapili.
Akanyamaza. Nikasikia friji yake ikinguruma,
karibu kuliko pumzi za mama chumba cha pili.

Saa saba na nusu jeneza likatoka,
wanaume wakipokezana mabega,
*La ilaha illallah* ikapinda kona ya duka la mahamri,
ikafifia.
Kutoka mlango wetu wa Kuze mpaka Kikowani
ni dakika kumi na tano kwa mtu asiye na haraka.
Mimi nilibaki ndani na wanawake wenzangu,
na chetezo, na birika la chai lisilokwisha.
Mchanga ulipomwagwa sikuwapo.

Usiku Badi akapiga. Kwake ilikuwa asubuhi, Ijumaa ile ile,
ndiyo kwanza inaanza kumfikia.
Akaniuliza kaburi liko upande gani,
karibu na lango au kule ukutani.

Ngoja, nikamwambia,
nami niulize.