Hati ya Lutonja

Anza na jina, alisema karani,
jina kamili, la babu pia, na mwaka.
Nikamwambia Lutonja. Lutonja Masalu.
Mwaka sina hakika: ni ule
magugumaji yalipoziba mwalo wa Kirumba
hata mitumbwi ikakaa nchi kavu
kama kuku walioatamia.
Akanitazama juu ya miwani.
"Mama, hapa hatuhifadhi magugumaji.
Hapa tunahifadhi tarehe."

Nilikuwa nimeshapita kwingine.
Kwa mtendaji wa mtaa, aliyetaka barua.
Kituo cha polisi, ambako sikuingia:
nilisimama langoni, nikahesabu pikipiki
zilizokamatwa zikaota kutu, nikageuka.
Nani aingie kituoni kuuliza
kama ndugu yake anatafutwa?
Ni kumpigia chui mluzi
umuulize kama ameshiba.

Basi masjala. Chumba cha nyuma, dirisha moja,
jiwe la mlima limeusogelea ukuta
kana kwamba nalo lina shauri.
Nililipa, nikapewa risiti.
(Wewe utakayekuja baada yangu, itunze risiti.
Njoo asubuhi kabla hakimu hajaketi.
Njoo na kalamu yako.)
Rejesta zimefungwa kwa kamba ya katani,
zinanuka ghala la dagaa wa mwaka jana.
Mende mmoja akatoka Elfu Mbili na Saba
akaingia Elfu Mbili na Kumi na Moja
bila kibali.

Bi Nyanjige akashusha kidole
polepole, jina kwa jina.
Wizi wa baiskeli. Matusi. Kupigana kilabuni.
Nyavu haramu, nyavu haramu, nyavu haramu,
ukurasa mzima wa matundu madogo.
Kisha kidole kikasimama.
Nami nikasimama, ingawa nilikuwa nimesimama.

Lutonja Masalu. Wizi wa injini ya mtumbwi,
farasi kumi na tano.
Mshtakiwa hakufika.
Hati ya kukamatwa itolewe.
Muhuri. Sahihi iliyopinda kama ndoana.

Hiyo niliijua. Tulikula nayo, tukalala nayo.
Ndiyo iliyompandisha usiku
mtumbwi wa mkaa hadi visiwani,
akawa Faustini huko, mtu asiye na kwao,
akituma kayabo kwa mikono ya watu
bila salamu, ila mafundo matatu kwenye kamba
tuliyoyajua kuwa ni yake.
Mama tulimzika bila yeye.
Jembe lake pale kaburini
alilishika mpwa wake wa miaka tisa,
likamshinda, akalishika tena.

"Subiri," karani akasema. "Kuna mstari."

Kuna mstari. Wino wa kijani, mwembamba,
umejibana pembeni
kama abiria asiye na tiketi:
Injini imepatikana. Mlalamikaji hana dai.
Shauri limeondolewa. Hati imefutwa.
Tarehe: siku kumi na tisa
baada ya ile ya kwanza.

Siku kumi na tisa.
Na sisi tumehesabu miaka kumi na minne.

Nikauliza kama alitumwa mtu kutuambia.
Bi Nyanjige akavua miwani,
akaifuta kwa pindo la kitenge, akaifuta tena
ingawa ilikuwa safi.
"Hati ya kukamata ina miguu, mama.
Ya kufuta haina."

Nimeomba nakala. Ina muhuri, bado unalowesha kidole.
Nimeikunja mara nne, nikaitia mfuko wa nailoni,
nikaufunga mafundo matatu,
maana ziwa halina adabu kwa karatasi.
Kesho meli ya asubuhi.

Nimeshapata jina, mwaka, namba ya jalada,
kila alichotaka karani.
Kilichobaki hakimo kwenye rejesta:
nikimkuta ufukweni anapasua samaki,
kanipa mgongo, nimwiteje?
Nikisema Faustini, nitakuwa nimeikana karatasi.
Nikisema Lutonja,
atakimbia.